Spika Zinazokaa Karibu na Ukuta

na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wakisikia neno spika hufikiri harusi, disko na makelele ya mitaani. Mimi nataka kuwaambia wasomaji wa gazeti letu habari za spika za namna nyingine, ambazo kazi yake ni kusomesha. Tena nataka kueleza jambo nililojifunza muhula huu, yaani jinsi ya kuchagua spika ya kukaa karibu na ukuta, na jinsi ya kuiweka ili maneno yasikike sawasawa.

Shuleni kwetu wamo wanafunzi wasioona. Hawa husoma kwa nukta nundu, lakini vitabu vya nukta nundu ni vichache na vizito, na mtihani wa taifa haungoji mtu. Kwa hiyo baadhi yetu wa kidato cha nne huwasomea vitabu kwa sauti na kuvirekodi, nao huvisikiliza jioni katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Chumba hicho kina urefu wa meta nne na upana wa meta tatu. Spika zilizokuwamo zilikuwa kubwa, zimesukumwa mpaka kwenye kona, na sauti yake ilivuma kama ya mtu asemaye ndani ya pipa. Aliyesomewa “paka” aliandika “taka”. Katika somo la Baiolojia neno moja likikosewa, huenda jibu zima likapotea.

Mafundi wengi hushauri spika ivutwe mbele, kiasi cha meta moja kutoka ukutani. Shauri hilo ni jema, lakini kwetu halikufaa. Mwenzetu asiyeona hupita chumbani kwa kuikumbuka njia. Sanduku likisimama mbele ya ukuta litamwumiza goti, na waya wake utamwangusha. Hapana budi spika zikae ukutani. Basi likabaki swali: ziwe spika gani, na zikaeje?

Kwanza yafaa tujue sababu ya uvumi ule. Sauti husafiri meta 343 hivi kwa sekunde. Sauti nzito yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu meta tatu na nusu. Wimbi refu hivyo halizuiliwi na sanduku lenye upana wa sentimeta 20. Hulizunguka na kwenda pande zote, hata nyuma. Likigonga ukuta hurudi na kujiunga na lile linaloelekea mbele, na besi huongezeka, pengine kufikia desibeli 6. Kwenye kona, palipo na kuta mbili, huongezeka zaidi. Lakini sauti kali za s na t zina mawimbi ya sentimeta chache tu. Hizo huelekea mbele, wala ukuta wa nyuma hauziongezei nguvu. Matokeo yake besi hukua, konsonanti hubaki zilivyokuwa, na maneno hufunikwa.

Labda msomaji atauliza, kwa nini tusizivute nusu meta tu? Hapo pana shida nyingine. Wimbi huenda nusu meta na kurudi nusu meta, jumla meta moja. Kwa sauti ya mitetemo 172 hivi, meta moja ni nusu ya wimbi. Kwa hiyo wimbi linalorudi hupingana na linalotoka, na sauti hiyo hudhoofika. Nayo ni sauti iliyomo katika usemi wa binadamu. Spika ikisogezwa karibu kabisa na ukuta, upungufu huo huhamia kwenye sauti za juu zaidi, ambazo spika huzitupa nyuma kwa uchache. Basi kukaribia sana ni afadhali kuliko kukaa nusu njia, mradi besi ipunguzwe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1946 Paul Klipsch wa Marekani alianza kutengeneza spika ya kukaa kwenye kona ya chumba kwa makusudi, kuta zikiwa kama mwendelezo wa mdomo wa tarumbeta. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research, iliyotoa spika ya sanduku lisilo na tundu, ambamo hewa iliyofungiwa hufanya kazi ya springi. Mwaka 1974 Roy Allison alichapisha uchunguzi wake juu ya kuta za chumba na nguvu ya spika, kisha akatengeneza spika za kukaa ukutani.

Sisi tulipata spika za aina mbili za kujaribu. Ya kwanza ilikuwa sabufa yenye taa za rangi, na tundu lake la hewa lilikuwa nyuma. Ya pili ilikuwa jozi ya visanduku vidogo visivyo na tundu. Wengi wenye macho waliisifu sabufa kabla haijawashwa. Lakini tuliona ni haki waamuzi wawe wale watakaozitumia. Tuliwasomea maneno kama paka, taka, kaka na shaka, nao wakaandika kwa nukta nundu waliyoyasikia. Walichagua visanduku vidogo bila kusita. Rafiki yangu mmoja alisema, “Ile kubwa inanipiga kifuani. Hizi zinanisomea.”

Tuliviweka juu ya rafu imara iliyopigiliwa ukutani, twita zikiwa kimo cha masikio ya mtu aliyeketi. Tulivitenga na kona, tukahakikisha kwamba umbali wa ukuta wa nyuma haulingani na ule wa ukuta wa pembeni, ili kasoro zisijumlike mahali pamoja. Tulivielekeza kwa wasikilizaji, tukapunguza besi kidogo, na waya tukazibana ukutani. Ikiwa spika yako ina tundu nyuma, iachie nafasi ya kupumua. Tena usipime kwa muziki peke yake. Mpe mtu kitabu asome, usikie kama kila neno linafika.

Sasa spika zasema vizuri, lakini vitabu vilivyorekodiwa havijatosha. Historia imefika nusu, na Jiografia bado kabisa. Sisi wa kidato cha nne tunaondoka mwaka huu. Wenzetu wa kidato cha tatu na cha pili, anayeweza kusoma taratibu na kwa kutamka vizuri aje maktaba baada ya chakula cha jioni. Nanyi wazazi, mwenye simu ya zamani inayorekodi asiitupe. Itatufaa.