Barua Ndani ya Spika

Duka la Mjomba lilikuwa Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ukitokea sokoni ulilisikia kabla hujaliona: redio tatu nne zikisema kwa pamoja, moja inakoroma, moja inakwaruza, nyingine inapotea na kurudi kama mtu anayezungumza huku anatafuna. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila nikitoka shule nilipita kumwamkia.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kaa hapo, usiguse kitu."

Nilikaa kwenye debe lililopinduliwa. Ndani mlinuka risasi iliyoyeyuka na gundi, na juu yake harufu ya kahawa ya yule mzee aliyepita akigonganisha vikombe vyake. Umeme ukikatika, Mjomba hakufunga duka. Alikichomeka chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa lililokuwa mlangoni, akapepea, na kazi ikaendelea. Siku hizo harufu ya mkaa ilitawala mpaka jioni.

Rafuni spika zililala kifudifudi, sumaku zikitazama dari. Msumari ukipita karibu uliruka wenyewe ukanasa, tak! Mimi niliamini sauti zinakaa mle ndani ya sumaku, zimefungiwa. Siku moja Mjomba akaniona nimetega sikio kwenye sumaku tupu. Hakunicheka. Alichukua spika nzima, akailaza chali, akamwaga punje chache za mchele juu ya karatasi yake, kisha akazigusisha nyaya zake mbili kwenye betri ya tochi. Karatasi ikaruka juu, mchele ukatawanyika. Akageuza nyaya. Safari hii karatasi ikazama ndani.

"Umeona? Nyuma ya karatasi pana kibomba, kimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Hiyo ndiyo koili. Umeme ukipita, koili nayo inakuwa sumaku. Inasukumana na hii kubwa, inavutana nayo. Karatasi inakwenda na kurudi, inapiga hewa, hewa inakuja kukupiga wewe sikioni. Redio haina mtu ndani."

Nilisikitika kidogo kusikia hivyo, nakiri.

Wateja walileta magonjwa yao kwa majina. Imekauka. Ina mafua. Mjomba aliweka vidole vitatu kuizunguka karatasi, akaibonyeza polepole, jicho limefumbwa. Ikishuka kimya, shida iko kwingine, pengine waya umekatika. Ikisema krr, koili inasugua. Tanga na bahari yake! Chumvi ya hewa ililiparua bati la spika, unga wa kutu ukadondoka kwenye ule mwanya koili inamopita, mwanya usiozidi unene wa kucha. Alikata kifuniko cha katikati kwa wembe, akazamisha kipande cha utepe wa gundi, akakitoa kimebeba chembe nyekundu. Kama koili yenyewe imekaa upande, alichomeka vipande vya negativu za picha kuizunguka ili isimame katikati hadi gundi ikauke. Negativu alizipata kwa mpiga picha jirani. Nikizielekeza kwenye jua kabla hajazikata niliona maharusi wenye meno meusi.

Spika iliyoungua haikuhitaji vidole. Ilikuwa na harufu yake, tamu na chungu, kama rangi ya samani iliyoachwa motoni. Hizo zililetwa Jumatatu, baada ya arusi, na vijana waliokuwa wamefungulia sauti mpaka mwisho, mashine ikalemewa ikaanza kukoroma, nao wakadhani ndiyo raha. Mjomba aliweka mita. Spika iliyoandikwa ohm 8, ikiwa nzima, humpa 6 na kitu. Hii mshale ulilala palepale, haukutikisika. "Mmeikaanga," aliwaambia, akawarudishia.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni arusi ya Makorora. Walikuja mbio alasiri: wamefunga spika mbili kubwa mpya, ngoma nzito haisikiki kabisa, na wageni wanaingia. Tukaenda kwa baiskeli, mimi nyuma, mfuko wa vyuma magotini. Pilau ilikuwa jikoni, bizari imetanda uani, kina mama wanatazama saa. Mjomba alisimama katikati ya spika mbili, akageuza shingo huku na huku. Akachuchumaa kwa moja, akabadilisha nyaya, wa kulia ukaenda kushoto. Basi! Besi ikarudi, vikombe vikatetemeka juu ya sinia.

Njiani akanieleza huku anapiga pedali. "Mmoja alikuwa anavuta pumzi, mwenzake anatoa. Wanalana." Mfukoni nilikuwa nimefungiwa kipande cha nyama katika karatasi, na sikumsikiliza ipasavyo.

Karatasi zilizochanika aliziziba kwa karatasi nyepesi, kwa kuwa kiraka kizito huifanya spika iwe na sauti ya mtu mwenye chakula mdomoni. Iliyomfaa ilikuwa ile ya barua za ndege, ya samawati, laini lakini haichaniki upesi. Nilidhani anainunua.

Redio yake mwenyewe, National ya boksi la mbao, ninayo mimi sasa. Mwaka jana ilianza kuzomea kwenye maneno yenye s, nikaifungua. Nyuma ya spika palikuwa na kiraka cha samawati, kikubwa kama kiganja cha mtoto, chenye mwandiko. Niliutambua: mwandiko wa mwanawe mkubwa, aliyekuwa akiishi Maskati. Wino umefifia, lakini mstari mmoja ulisomeka hadi ukingoni: *Mfungo Sita, inshallah, nitakuwa nyumbani na*

Miaka yote niliyokaa kwenye lile debe sikuwahi kumwona mwanawe huyo. Na redio ile ndiyo Mjomba aliyoisikiliza kila usiku, taarabu kisha taarifa ya habari, akiwa ameiweka karibu na mto.

Pembe moja ya kiraka ilikuwa imeachia. Ndiyo iliyokuwa ikizomea. Nilitafuta gundi nyeupe, nikaichanganya na tone la maji kama alivyokuwa akifanya, nikaibandika tena.