Besi Kuukuu

Mimi si mpiga besi. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika mji wa Chicago, na kwetu ni Tanga. Ala ya pekee niliyopata kujifunza utotoni ni kinanda, tena vidole vyangu vilikuwa vizito. Lakini mwaka jana dada yangu alinikabidhi dola 3,000, akaniambia, "Kaka, nenda ukamnunulie mtoto ile ala yake. Wewe umesoma." Fedha ile ilikuwa akiba ya miaka miwili ya kukesha, maana dada yangu hufanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Nilipozihesabu zile noti mkono ulinitetemeka.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba. Kwa muda wa miaka minne alikuwa akipiga besi ya shule, akaizoea hata akaiona kama yake. Lakini siku ya kumaliza masomo ndiyo siku ya kurudisha mali ya shule. Mwezi wa Septemba alitakiwa kufika chuoni kusoma muziki wa jazz, naye awe na ala yake. Basi tulikuwa na wiki kumi, fedha isiyoongezeka, na mnunuzi asiyejua kitu.

Wengine huenda hawajaiona besi ninayoitaja. Ni kama fidla iliyokuwa jitu. Husimama sakafuni juu ya msumari wake, kimo chake hukaribia futi sita, na nyuzi zake ni nne. Katika okestra hupigwa zaidi kwa uta, bali katika jazz hudonolewa kwa vidole. Nyumbani neno jazz tulilijua kwa majina ya bendi, kama Morogoro Jazz na Western Jazz, nazo zilikuwa bendi za dansi. Jazz ninayoisema hapa ni ile ya Wamarekani weusi, iliyotoka New Orleans ikapanda kaskazini pamoja na watu wake mpaka Chicago.

Mji huu una haki ya kujivunia ala hii. Milt Hinton, aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1910, aliletwa hapa angali mtoto, akajifunza fidla. Siku zile sinema hazikuwa na sauti, na majumba makubwa yaliajiri wapiga fidla wa kuzifuatisha picha. Sinema zenye sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kazi zile zikatoweka. Hinton akageukia besi, na mwaka 1936 akaingia katika bendi ya Cab Calloway, akakaa humo miaka kumi na mitano. Naye Jimmy Blanton alianza kupiga na Duke Ellington mwaka 1939, akafa mwaka 1942, hajatimiza miaka ishirini na minne. Katika muda ule mfupi aliwaonyesha watu ya kuwa besi yaweza kuimba, si kutembea nyuma ya wengine tu. Nayataja haya kwa sababu yanahusu bei. Mnunuzi wa jazz hatafuti ngurumo. Hutafuta ala ambayo kila sauti yake husikika peke yake, chini na juu, na inayodumu kitambo baada ya kidole kuuacha uzi.

Besi ya kwanza tuliyoiendea ilikuwa nyumbani kwa bwana mmoja wa makamo, mtu mwenye maneno matamu. Nami niliipenda mara nilipoiona. Rangi yake ilikuwa kama asali, mgongo wake ulikuwa na mistari iliyometameta kila ulipousogeza kwenye mwanga, na ndani, ukichungulia, mlikuwa na karatasi yenye jina la Kitaliano. Bei yake dola 3,000 barabara. Niliona kama imetungojea sisi. Yule bwana akasema jioni atakuja mnunuzi mwingine, nami nikatia mkono mfukoni.

Mpwa wangu akaninong'oneza, "Mjomba, tumwite fundi kwanza." Nilimkemea, nakiri, nilidhani anatuaibisha mbele ya mwenye mali. Lakini macho yake hayakuondoka usoni pangu, nikakumbuka fedha ni ya nani. Tukampigia simu fundi wa ala za nyuzi, akataka dola 80 kwa kuja kutazama.

Fundi alipofika hakuishughulikia karatasi hata kidogo. Alisema karatasi za namna ile zilipigwa chapa kwa maelfu katika karakana za Ujerumani, zikabandikwa ndani ya ala za biashara. Akatoa kurunzi na kioo kidogo, akavipitisha kwenye tundu lenye umbo la herufi f. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniita nitazame. Mgongoni kwa ndani palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, umetiwa gundi ovyo, na kwa nje umefichwa kwa vanishi.

Sharti nieleze kwa nini ufa ule ulikuwa mbaya kuliko nyufa nyingine. Kati ya uso wa besi na mgongo wake husimama kijiti cha mti mwepesi. Hakikutiwa gundi, hushikwa na mkazo tu. Wafaransa na Waitalia hukiita roho, wala hawakukosea, maana hicho ndicho hupeleka mtetemo wa uso mpaka mgongoni, na kikianguka sauti hufa. Mzigo wa nyuzi hukandamiza mahali pale mchana na usiku. Ufa wa ubavuni huweza kuzibwa ukasahauliwa, lakini ufa chini ya roho hutaka ala ifunguliwe na mgongo utiwe kiraka cha mbao. Fundi alikadiria kazi hiyo si chini ya dola 1,500. Mwenye besi akasema hakuwa na habari. Huenda ni kweli.

Zile dola 80 nilizitoa mfukoni mwangu, na sijapata kununua kitu chenye faida kama kile.

Njiani fundi alitupa darasa. Besi nyingine, alisema, huchongwa kwa mbao nzima. Nyingine hutengenezwa kwa plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, mishipa yake ikipishana. Na nyingine zina uso wa kuchongwa na mgongo wa plaiwudi. Ile ya mbao nzima huujibu uta kwa sauti tamu zaidi, ila iliyo njema huuzwa maelfu mengi ya dola, tena wakati wa baridi, nyumba zinapopashwa moto na hewa kukauka, hupasuka upesi. Plaiwudi huvumilia. Kwa kijana wa jazz, atakayeipandisha ngazi na kuiingiza katika mabasi, si jambo la aibu; muziki mwingi wa dansi wa kale ulipigwa kwa besi hizo hizo. Mimi, niliyepumbazwa na rangi ya asali, nilisikiliza kimya.

Baada ya wiki tano tuliiona besi ya pili. Ilikuwa ya plaiwudi, aina ya Kay, zilizoanza kutengenezwa hapa hapa Chicago mwaka 1937. Aliyeiuza alikuwa mama mjane; marehemu mumewe alikuwa akiipiga harusini na vilabuni. Vanishi ilikuwa imekwisha pale alipoiegemeza tumboni. Alitaka dola 2,900.

Safari hii nilifuata mafundisho. Nilitazama shina la shingo, mahali inapoingia mwilini, nisione mwanya. Nilitazama ubao wa vidole kutoka juu, jicho moja limefumbwa, kama seremala atazamavyo boriti. Ulikuwa na mabonde. (Ubao ulio bora ni wa mti mweusi mgumu. Si mpingo wetu wa Kilwa na Lindi, usafirio Ulaya kuwa klarineti, bali ni mti mwingine wenye weusi kama ule. Zile mbao rahisi hupakwa rangi tu.) Nilipima daraja linalobeba nyuzi. Daraja likiwa fupi mno ni shahidi: mara nyingi shingo imevutwa mbele na nyuzi zikapanda, basi mtu akakata daraja badala ya kutengeneza shingo. Hili halikuwa fupi, ila lilikuwa limepinda. Nikagonga kwa kifundo cha kidole ukingoni kote, nikisikiliza mahali palipoachana na gundi. Kisha mpwa wangu akapiga kila sauti ya kila uzi, polepole, nami nikasimama jikoni kwa yule mama, kwa kuwa sauti ya besi husikika vizuri zaidi kwa aliye mbali kidogo. Uzi wa chini kabisa ulinifikia kifuani kabla sijausikia masikioni.

Yule mama alikuwa ameketi, amefumba macho.

Hapo ndipo hesabu ikawa ngumu, ingawa ndiyo kazi yangu. Kumpunja mjane sikutaka. Kupoteza usiku wa dada yangu sikuweza. Nikachukua karatasi, nikaandika mbele yake makadirio ya fundi: daraja jipya dola 350, kunyoosha ubao wa vidole 250, nyuzi mpya 220, jumla 820. Nikazitoa katika 2,900, zikabaki 2,080. Nikamwambia, "Mama, hiyo ndiyo bei niionayo kuwa ya haki, lakini usiniamini mimi." Akaenda kwenye simu, akampigia fundi wa mumewe, akamsomea tarakimu moja moja. Aliporudi alisema, "Dola 2,150, na mfuko wake na kiti chake kirefu ni vyenu." Nikakubali bila neno.

Ukijumlisha na matengenezo, tulitumia 2,970. Dola 30 zilizobaki nilimrudishia dada yangu, naye akazitia petroli kwa sababu gari la kuibebea tulikuwa tumeazima.

Fundi alipoimaliza tuliileta nyumbani jioni, dada akiwa anavaa viatu kwenda kazini. Akaitazama kuanzia msumari mpaka kichwa. Mtoto akapiga kidogo. Dada akasikiliza, kiatu kimoja mkononi, saa ya basi lake ikipita, kisha akaniuliza, "Sasa, kaka, itakaa wapi?"

Tukahamisha meza ya kulia.