Kidatu: Nasaba Iliyokatika Vitani

Kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, mwezi uliopita tulitoka Ifakara tukiwa watu watano kwenda Kidatu kumposea kijana wetu wa msikitini. Njia ile huambaa na milima ya Udzungwa mkono wa kushoto, na ukiukaribia mji miwa hukulaki pande zote. Kidatu ni mji wa wageni: kiwanda cha sukari, bwawa la umeme na reli ya TAZARA vimewakusanya humo watu wa kila kabila. Hatukutarajia kukutana huko na vita vya zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Baada ya chai na vitumbua, mshenga alieleza haja yetu, kisha, kama ilivyo ada, wazee wakatajiana nasaba. Ami wa kijana alihesabu mababu sita. Mzee wa upande wa binti alimtaja baba yake, akamtaja babu yake, akanyamaza.

"Hapo ndipo mwisho wangu, wanangu," alisema. "Babu aliokotwa akiwa mtoto, katika njaa iliyofuata Maji Maji. Aliyemlea hakuwa mamaye, na jina la baba hakulijua."

Ami akaguna.

Guno lile lilituuma. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Itikadi tuliyosomeshwa haituruhusu kuisifu dawa ya maji waliyoitegemea, lakini hatuoni haki ya kuwacheka watu waliochoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa. Kilichoua zaidi ni kilichofuata: majeshi ya Gavana Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula kwa makusudi, ili njaa imalize kazi ya risasi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba walikufa watu 250,000 hadi 300,000. Kabla watoto wa njaa ile hawajakua sawasawa, vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi Oktoba 1917, na kila jeshi lililopita lilichukua nafaka na wapagazi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya wapagazi wa upande wa Waingereza. Wengi wa wenzao hawakurudi, na makaburi yao hayajulikani.

Basi mtu atahesabu vipi mababu sita?

Shehe wetu hakumkemea ami mbele ya wenyeji. Alitukumbusha tu hukumu iliyomo katika Suratul Ahzaab, kwamba wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu zetu katika dini, akauliza mahari.

Posa ilikubaliwa. Tulipokuwa tukivaa viatu, mzee alitushika mkono akatuomba dua, si kwa ajili ya baba yule asiyejulikana, bali kwa bibi aliyemwokota babu yake. Alisilimu ukubwani, akafa Mwislamu. Jina lake mzee analo, akalitaja mara mbili ili tusilikosee. Shehe alinyanyua mikono pale pale mlangoni. Ami alichelewa kidogo kuitikia amina, lakini aliitikia.