Farasi Aliyeshinda Umeya

Mnamo Oktoba 1951 studio ya Warner Bros. ya Marekani ilitoa katuni ya dakika saba hivi iitwayo Ballot Box Bunny. Mwongozaji wake alikuwa Friz Freleng na hadithi iliandikwa na Warren Foster. Mji mdogo unataka meya. Mgombea wa kwanza ni Yosemite Sam, kibwana kifupi chenye sharubu kubwa nyekundu, kigomvi tangu kinapoamka. Amepanda jukwaani, anapiga kelele, anawaahidi wananchi hewa safi na mwangaza wa jua, na kwamba atahakikisha kila mmoja amepata fungu lake. Kisha anaongeza ahadi ya pili: akichaguliwa, atawamaliza sungura wote. Chini ya jukwaa lile lile pana shimo la sungura, na Bugs Bunny amesikia kila neno. Basi naye anaingia kinyang'anyironi.

Ahadi ile ya hewa na jua nimeichekelea tangu nikiwa kijana hadi leo nina mvi. Sijapata kuona hotuba ya kampeni iliyochambuliwa kwa ufupi kiasi kile. Mtu anakuahidi kile ulichokuwa nacho kabla hajaja, tena kwa sauti ya mwenye kukitoa mfukoni mwake.

Yanayofuata ni vituko. Bugs anajivika heshima ya Rais Theodore Roosevelt, yule aliyesifika kwa kusema kwa upole huku ameshika bakora, na Sam anamjibu kwamba yeye husema kwa ukali, bakora yake ni kubwa zaidi, na huitumia. Hapo hapo anaitumia. Wanabusu watoto wachanga wa wapiga kura. Sam anawatuma sisimizi wakaibe chakula cha mandari cha mpinzani wake. Bugs anatia baruti ndani ya tikiti maji, na sisimizi, watiifu kama makarani, wanalibeba hadi kwa bwana wao. Kuna piano iliyotegwa ilipuke ikiguswa noti moja tu, na Bugs kila akiukaribia mwisho wa wimbo anaikosea noti ile, mara moja, mara mbili, hadi Sam anashindwa kuvumilia, anamsukuma kando na kuipiga mwenyewe. Jambo moja ambalo watazamaji wengi hawakulijua: sauti ya Sam na sauti ya Bugs zote zilitoka kooni mwa mtu mmoja, Mel Blanc. Wagombea wawili, koo moja. Asiyeona siasa ndani ya hilo, basi.

Mimi nilizaliwa mwaka uliotoka katuni hiyo, Mombasa. Tulikuwa tukizitazama za namna hiyo katika jumba moja la sinema Barabara ya Kilindini, kabla picha kubwa ya Kihindi au ya makauboi haijaanza. Kiingereza hatukukijua cha kutosha, na mizaha mingi ya maneno ilitupita juu ya vichwa. Lakini sungura tulimfahamu. Bibi zetu walishatuambia habari zake: mdogo, mjanja, mwenye maneno, anayemfanya fisi ajipige mwenyewe. Tulishangaa kidogo tu kumkuta amefika Marekani na kuvaa glavu.

Tulicheka kwa nafasi, na sasa nafikiri tulicheka kwa nafasi kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa mbali nasi. Katika mwaka ule wa 1951 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja Kenya aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kupigiwa kura na Waafrika wenzake, waliokuwamo waliteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Machi 1957, wakapatikana wanane, na wa Pwani akawa Ronald Ngala. Hata wakati huo kura haikuwa haki ya kila mtu. Ulipimwa kwa elimu, kipato, mali na utumishi, na mtu aliyefuzu vizuri aliweza kupewa hadi kura tatu. Baba yangu, karani wa bandarini, alipata mbili. Jirani yetu mwalimu alipata tatu, na hilo lilileta ubaridi barazani kwa muda mrefu. Mama hakupata hata moja. Huko kwa Sam na Bugs nako mambo hayakuwa meupe kama yalivyochorwa: katika majimbo mengi ya kusini ya Marekani mtu mweusi alizuiwa kupiga kura kwa kodi na mitihani ya hila, na sheria ya kumlinda ilipitishwa mwaka 1965. Katuni haikugusa hayo. Ilikuwa katuni ya sungura.

Kwa hiyo kizazi changu kilikulia kwenye heshima ya kura, heshima iliyochanganyika na woga. Uhuru ulipokuja 1963 kura ilikuwa kitu cha kuvalia kanzu safi. Siku ya uchaguzi watu walioga kama siku ya Idi. Kumcheka mgombea hadharani kulionekana utovu wa adabu, na baadaye kukawa hatari. Meya mwenyewe hatukumchagua sisi moja kwa moja. Tulichagua madiwani, nao madiwani wakajifungia na kumchagua meya, na yaliyosemwa humo ndani tuliyapata mitaani yakiwa yameshapoa. Juni 1982 Katiba ikabadilishwa, chama kikawa kimoja tu, KANU, kwa mujibu wa sheria.

Ndipo ukaja mlolongo. Wajukuu zangu wanapolisikia neno hili hudhani nasema juu ya foleni ya matatu. Katika uteuzi wa KANU wa mwaka 1988 hapakuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama nyuma ya mgombea wako au nyuma ya aliyeshika picha yake, mchana kweupe, na msimamizi akapita akihesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kura ya siri haikufika kwake kabisa. Fikiria maana yake kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba amesimama mstari wa pili. Fikiria kwa kibarua na mnyapara wake, kwa mke ambaye mumewe ana mgombea wake. Nilikuwa na miaka 37, baba wa watoto, na nilisimama uwanjani nikitazama visigino vya mtu aliyekuwa mbele yangu ili macho yangu yasikutane na ya mtu yeyote. Mstari wetu ulifika hadi kwenye mwarobaini na kupinda. Ule wa pili ungetosha kuingia kwenye matatu moja na nafasi ya kondakta ikabaki. Jioni ulitangazwa ule wa pili.

Wala hatukuwa peke yetu. Mistari mifupi ilishinda sehemu nyingi za nchi, na maaskofu waliupinga mtindo huo waziwazi hadi KANU yenyewe ikauacha mwishoni mwa 1990. Ninalotaka kusema juu yake ni hili. Itazame tena ile katuni. Kwa takriban dakika zote saba wapiga kura ni kama hawapo. Tunawaona Sam na Bugs wakilipuana, wakitegeana, wakifukuzana, na huwezi kukumbuka sura ya mwananchi mmoja. Halafu ghafla bendi inasikika. Gwaride linapita. Mji umeshamaliza kuchagua, na hakuna kati ya wale wawili aliyechaguliwa: meya mpya ni farasi jike. (Kwa Kiingereza kuna mchezo wa maneno hapo, maana farasi jike na meya hutamkwa karibu sawa, lakini mchezo huo si lazima uujue ili ucheke.) Wapiga kura wale hawakuonekana, na uamuzi wao ukasimama. Sisi tulionekana hadi kisogo, na uamuzi wetu ukafutwa kabla magharibi haijaingia.

Katuni inamalizikia kwa wagombea wawili walioshindwa kuchezea bastola yenye risasi moja, wakipokezana, kila mmoja akijielekezea kichwani. Televisheni za Marekani baadaye zilikuwa zikiikata sehemu hiyo kwa ajili ya watoto, na sizilaumu.

Msidhani mambo ya mnyama kushinda ni ya wachoraji pekee. Mwaka 1938, huko Milton katika jimbo la Washington, nyumbu aliyeitwa Boston Curtis alichaguliwa kuwa mwakilishi wa chama cha Republican katika eneo lake. Meya wa mji, wa chama pinzani, ndiye aliyemwandikisha, na kwato zake zikapigwa muhuri kwenye karatasi. Mwaka 1959 wakazi wa São Paulo, Brazil, waliochoshwa na madiwani wao, waliandika jina la kifaru jike wa bustani ya wanyama, Cacareco, na akapata kura zinazokaribia 100,000. Chaguzi hizo mbili hazifanani. Milton walidanganywa, walipiga kura bila kuuliza wanampigia nani. São Paulo walijua vizuri kabisa. Katuni yetu haisemi mji wake ni wa aina ipi, na ningetoa pesa nzuri kumuuliza Warren Foster.

Kicheko chetu wenyewe, Wakenya, kilichelewa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, likamcheka mwananchi wa kawaida anayehangaika mjini. Kwenye televisheni Mzee Ojwang wa Vitimbi alituchekesha kwa mambo ya nyumbani. Wakubwa hawakuguswa. Baada ya 1991, vyama vingi viliporudi, ndipo Gado, mzaliwa wa Tanzania, alipoanza kuwachora viongozi kwenye gazeti la Daily Nation kwa namna ambayo miaka michache nyuma ingempeleka pabaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass wakamwiga Rais Moi kwenye televisheni, sauti, fimbo na yote. Nakumbuka usiku wa kwanza nilipowaona niliinuka kufunga dirisha. Wanangu walinicheka mimi kuliko walivyocheka kipindi. Mwaka 2009 ukaja XYZ Show, vikaragosi vya mpira, na hapo hakuna aliyebaki bila kuvalishwa pua kubwa.

Mmoja wa wale watatu wa Redykyulass, John Kiarie, aligombea ubunge mwaka 2007 akashindwa, na mwaka 2017 akaupata, katika eneo bunge la Dagoretti Kusini. Simlaumu. Lakini alama ya nyakati ni hiyo: jukwaa la vichekesho na jukwaa la siasa yamesogeleana hadi mtu anaruka kutoka moja hadi jingine bila kubadili viatu. Mwanasiasa wa enzi yangu aliogopa kuchekwa. Wa leo hujitia kichekesho kwa makusudi, akacheza, akavaa kofia ya ajabu, akamtukana mwenzake kwa vina, kwa sababu ameona kwamba anayechekwa hutazamwa, na anayetazamwa haulizwi habari ya mitaro ya maji machafu. Vijana wangu husambaziana video hizo usiku kucha. Kisha ukiwauliza jina la mwakilishi wa wadi yetu, wanatazamana.

Na hapa nina neno na vijana wa Mombasa. Agosti 2022 uchaguzi wa ugavana ulilazimika kuahirishwa hapa kwetu na Kakamega, kwa kuwa karatasi za kura zilikuja na picha zilizokosewa. Freleng asingethubutu kuliweka hilo kwenye katuni, angeambiwa amezidisha. Ulifanyika hatimaye tarehe 29, na waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Niliingia kituoni saa nne asubuhi nikakuta wazee, akina mama wachache, na karani anayesinzia. Vijana walikuwa barazani nje, wakitazamiana simu, wakicheka.

Niliwacheka wagombea maisha yangu yote, na nitaendelea, maana wanastahili. Ila katika ile katuni, mtu ninayemfikiria zaidi siku hizi ni yule asiyeonekana, aliyekwenda kimya kimya akapiga kura wakati wakubwa wanapigana, na kuwaacha wote wawili mdomo wazi. Tuliosimama kwenye mlolongo tungetoa kila tulichokuwa nacho ili tupate nafasi kama yake: kibanda, pazia, karatasi, na hakuna anayekutazama. Ninyi mnayo, imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, na mnaiacha ipite mkinunua kahawa.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Tume ya uchaguzi ina ofisi katika kila eneo bunge, na kujiandikisha hakulipiwi. Nendeni na kitambulisho. Aliyetimiza miaka 18 hivi karibuni asingoje wiki ya mwisho, maana foleni itakuwa ndefu, na foleni ndefu nazijua mimi.