Ulimi wa Muuguzi ni Amana



Familia zetu za pwani zimekuwa zikiwatoa mabinti na wavulana wanaokwenda kusomea uuguzi, na wengi wao wakishasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya hupata kazi mbali na nyumbani. Sisi tunaoandika makala haya ni wauguzi wachache wenye asili ya Mombasa na Lamu, ambao riziki ilituleta Kisumu. Kwa miaka kadhaa sasa tumepewa jukumu la kukaa na wauguzi wapya wanaowahudumia wakazi wa mtaa wa Nyalenda, tukiwafundisha maadili ya kazi. Tumeona ni vyema kuwaandikia nyinyi mliobaki nyumbani, kwa sababu sehemu ngumu zaidi ya somo hilo haiishii wodini. Inafika mpaka barazani kwenu.

Nyalenda iko kusini mwa jiji, ukishuka kuelekea Dunga kwenye ufukwe wa ziwa. Ni mtaa wa wachuuzi wa samaki, waendesha bodaboda, mafundi na vibarua. Nyumba zimebanana, na ploti moja huwa na familia kadhaa zinazochangia bomba na uwanja wa kuanikia nguo. Muuguzi mpya, ambaye mshahara wake haumruhusu kupanga mbali, mara nyingi hukodi chumba humohumo. Asubuhi hukutana bombani na mama yuleyule atakayempima mchana.

Chuoni wamefundishwa vyema. Wanaijua kanuni ya maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi, iliyopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953, na kiapo cha kazi wanakikariri bila kusita. Vijana wa Kiislamu huongeza habari za Bibi Rufaida al-Aslamiya, aliyekuwa na hema karibu na msikiti wa Mtume mjini Madina akiwauguza majeruhi wa Vita vya Handaki. Huo ni msingi mwema. Lakini sisi huanza somo kwa swali la mtaani: umekaa dirishani unagawa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, anaingia jirani yako wa mlango wa pili, anakuona, anasita, kisha anageuka kuondoka. Utafanya nini?

Mmoja husema atamwita kwa jina ili asione haya. Twamwambia kuwa jina hilo, likitajwa mbele ya foleni, limekwisha kumfichua. Mwingine husema atampelekea dawa nyumbani jioni. Twamwuliza: mumewe akiuliza muuguzi amefuata nini, mama huyo atajibu nini? Wengine hunyamaza, na ukimya wao una busara kuliko majibu ya haraka.

Tunachowafundisha ni hiki. Mwombe mwenzako amfuate taratibu na kumweleza kwamba anaweza kuhudumiwa na mtu mwingine, au kuhamishiwa kituo kingine akipenda. Ukipata nafasi ya faragha, mwambie mara moja tu kwamba yaliyoonekana kituoni yatabaki kituoni. Kisha kesho yake bombani msalimie kama ulivyomsalimia jana. Usimpunguzie salamu, wala usimzidishie. Vijana wengi hushangaa kusikia kwamba hata huruma iliyozidi huweza kutoboa siri; majirani wakiona umeanza ghafla kumbebea mtu ndoo ya maji, wataanza kujiuliza kwa nini.

Jambo hili si dogo. Kaunti ya Kisumu ni miongoni mwa zile zenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya virusi hivyo nchini. Tumewajua wanawake waliokuwa wakipanda matatu hadi Ahero kuchukua dawa ambazo zinapatikana hatua chache kutoka milangoni mwao, kwa kuogopa macho na ndimi za watu. Siku nauli ilipokosekana, dawa nazo zilikosekana. Na dawa hizi zikikatizwa, virusi hupata nguvu tena. Basi muuguzi mwenye ulimi mrefu anaweza kumdhuru mgonjwa ambaye hajapata kumgusa. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kutoa habari za hali ya mtu bila ridhaa yake, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu.

Somo la pili ni la chumba cha kujifungulia. Utafiti uliofanywa chini ya mradi uitwao Heshima, katika hospitali na vituo 13 nchini, Kisumu ikiwamo, ulionyesha kwamba wanawake 20 katika kila 100 walisema walivunjiwa heshima kwa namna fulani walipokuwa wakijifungua. Na mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 mama aliyejifungua sakafuni hospitalini mwaka 2013, kisha akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Tunapowasimulia kesi hiyo, vijana huona kwamba heshima ya mgonjwa ni haki ambayo mahakama huitetea.

Kwa watu wetu, suala hili huambatana na stara. Mama wa Kiislamu akifika na uchungu usiku na aliye zamu ni muuguzi wa kiume, twamfundisha kijana huyo aulize kwanza kama mwenzake wa kike yuko karibu. Asipokuwapo, na maisha yamo hatarini, aeleze kila jambo kabla ya kulitenda, avute pazia, na afunue pale tu panapohitajika. Dini yetu haikuifanya dharura kuwa dhambi. Na stara si ya Waislamu peke yao: bibi wa Kijaluo wa Nyalenda naye hujisikia vibaya akifunuliwa mbele ya vijana, japo hasemi.

Swali lililo gumu kwetu kulijibu huulizwa na wale waliokwisha kuonja zamu ya usiku. Husema: “Niko peke yangu, wodi imejaa, glavu zimekwisha, wanawake wawili wanasukuma kwa wakati mmoja. Maadili yako wapi hapo?” Hatuwadanganyi kwamba subira ya mtu mmoja itaziba pengo la wauguzi. Twawaambia waandike katika kitabu cha zamu kila kilichokosekana na kila walichoomba wasipewe, kwa kuwa kusema ukweli kuhusu upungufu nako ni maadili. Kisha twawakumbusha kwamba hata pasipo na glavu, kuna maneno yasiyogharimu kitu: “Pole, mama, nimekuona, nakuja.”

Sasa tunawageukia nyinyi, wazazi na ndugu. Kijana wenu akirudi likizo, au akipiga simu baada ya magharibi, huwa mnamwuliza nini? Mara nyingi tumesikia: “Leo umemwona nani?” “Na yule mke wa fulani, alikuja kwa nini?” Anayeuliza hana nia mbaya, ni mazungumzo ya chai. Lakini kwa muuguzi mpya, anayetamani sifa ya wazazi wake, huo ni mtihani mzito kuliko ule wa Baraza. Akijibu mara moja, amejifunza kwamba siri ya mgonjwa ni kitoweo cha mazungumzo, na mafunzo yetu ya miezi yatakuwa yamebomolewa na kikombe kimoja cha chai.

Twaomba mbadilishe swali. Mwulizeni: “Umechoka? Umekula? Kuna jambo limekulemea?” Akisema limemlemea bila kutaja la nani, mtulizeni bila kuchimba. Akinyamaza, msimwite mwenye kiburi. Wahenga wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nao muuguzi akijikwaa ulimi, anayeanguka ni mtu mwingine.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu waliosambaa kuwahudumia waja wake, awape mikono yenye upole na ndimi zenye kutunza amana, na sisi tuliowalea atujaalie tuwe wa kwanza kuwasaidia kuitunza. Amin.