TEO SI MCHEZO WA WATOTO

Leo tukae kidogo katika 1 Samweli 17.

Tumezoea kusikia kwamba Daudi alimwendea Goliathi bila silaha ya maana. Si kweli. Teo si manati ya kupigia ndege. Ni kifuko cha ngozi chenye kamba mbili. Moja unaifunga kidoleni, nyingine unaishika, unazungusha, kisha unaiachilia. Kamba huurefusha mkono, na jiwe hutoka kwa kasi ambayo mkono mtupu hauwezi.

Sasa linganisha. Kichwa cha mkuki wa Goliathi kilikuwa shekeli 600 za chuma, karibu kilo 7. Mkuki kama huo unatisha, lakini lazima adui akukaribie. Teo mikononi mwa fundi hufikisha jiwe zaidi ya mita 100. Upinde nao hufika mbali, lakini mshale sharti utoboe. Jiwe halihitaji kutoboa. Linavunja mfupa hata chini ya vazi la vita. Mwaka 401 kabla ya Kristo, watupa teo wa Rhodes walirusha risasi zao mbali kuliko wapiga upinde wengi wa Uajemi. Na Waamuzi 20:16 inatuambia juu ya Wabenyamini 700 wa mkono wa kushoto waliolenga unywele bila kukosa. Hiyo ilikuwa silaha ya jeshi!

Je, hili linapunguza muujiza? Hapana, mpendwa. Linatuonyesha Mungu alianza kazi mapema. Darii ya Sauli ingevaliwa kwa dakika chache. Ustadi wa teo huchukua miaka, na Daudi alikuwa mchungaji aliyelinda kondoo porini, pasipo mtu wa kumpigia makofi. Mungu wa bonde la Ela ndiye alikuwa Mungu wa malisho.

Nasema haya kwa sababu Jumapili hii tunaamua juu ya mkopo wa spika na kinanda kipya. Vyombo si dhambi. Lakini tutalipa miaka mitatu, na kanisa hili halikukuzwa na spika. Lilikuzwa na akina mama wa ushirika wa Alhamisi, wanaoingia nyumba kwa nyumba, wakimpikia mgonjwa uji na kuomba naye. Wamefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Hilo ndilo teo letu. Mimi nitasema tusikope. Pesa kidogo tuliyo nayo iwe nauli na unga wa mama hao. Vijana wa sifa, najua mtaumia. Njooni Jumamosi tuongee, mlango uko wazi.

Na wewe unayesoma, unalilia darii ya nani, na teo lako umeliacha wapi? Liokote leo. Endelea kulizoeza hata kama hakuna anayekuona.

Kama umepokea, andika AMINA. Mbarikiwe.