Daftari Tulilolitia Motoni

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajawahi kufungua daftari la mtoto akitafuta hesabu, akakuta mambo mengine kabisa? Sisi tulifungua la kijana wetu wa darasa la tatu, hapa Bariadi, jioni moja mitihani ilipokuwa imekaribia. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa na hesabu za kujumlisha. Zilizobaki zote zilijaa midomo iliyo wazi, meno marefu kama visu, mikia na makucha. Chini ya kila mnyama alikuwa ameandika urefu wake kwa mita.

Sisi wazazi wake tulitazamana. Tukaona haya ni mambo ya giza, tena yanampotezea mtoto masomo. Bila kumwuliza neno, tulilitia daftari mekoni, chini ya sufuria ya maharage, huku yeye akitazama. Hakulia. Aliinuka tu, akaenda kulala bila kula.

Ili mtuelewe, hatuna budi kurudi nyuma miezi kadhaa.

Mkoa wetu wa Simiyu, upande wa mashariki, umepakana na Pori la Akiba la Maswa na mbuga za Serengeti. Wanyama hawajui mpaka. Tembo huingia katika mashamba ya pamba na mahindi, na fisi huzunguka mazizi usiku. Wakati wa likizo kijana wetu alikuwa kijijini kwa bibi yake, akichunga mbuzi. Siku moja alichelewa kurudi, giza likamkuta njiani. Fisi akatokea vichakani, akamkamata mbuzi mdogo mbele ya macho yake, hatua chache tu kutoka aliposimama.

Aliporudi nyumbani anatetemeka, wakubwa wakaanza kunong'ona kama ilivyo kawaida huku kwetu Usukumani. Huyo si fisi wa porini, walisema, ni fisi wa mtu. Wakataja na majina. Mtoto alikuwa amekaa pale pale karibu na kinu, akisikia kila neno.

Tangu siku ile akawa hatoki nje baada ya jua kuzama. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa. Nasi tulifanyaje? Tuliungama mbele ya Mungu, na sasa tunaungama kwenu. Kila asubuhi tulianika godoro lake uani, mahali ambapo kila mpita njia aliliona. Ndugu zake wakamcheka, nasi hatukuwakemea. Tena kuna siku tulimchapa, tukidhani ni uvivu wa kuamka.

Ni katika siku hizo mjomba wake, aliyekuwa akisoma Mwanza, alimletea kitabu kikuukuu cha picha, kisicho na jalada, kinachoeleza habari za dinosaria. Mtoto alilala nacho na kuamka nacho. Ndipo alipoanza kuchora, na ndipo tulipochoma daftari.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta uani akiikokota kamba ya kufungia ng'ombe, ameipiga mafundo.

"Unafanya nini na kamba hiyo?" baba yake aliuliza kwa ukali.

"Nampima."

"Unampima nani?"

"Yule wa kitabuni. Mita kumi na mbili. Ameishia kwenye mwembe."

Mmoja wetu, yule aliyemzaa, akachuchumaa karibu naye, akauliza lile swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo: "Mwanangu, mbona unawapenda wanyama wakali hivi?"

Akajibu bila kuinua macho: "Mayu, hao wamekufa wote. Hakuna hata mmoja anayeweza kuja." Kisha akaongeza, "Fisi bado yupo."

Tulinyamaza. Kumbe mtoto hakuwa amepotea. Alikuwa amejitafutia dawa peke yake, kwa sababu sisi hatukumpa. Alitafuta mnyama wa kutisha kuliko fisi, ambaye anaweza kumtazama mpaka achoke, meno yote, bila kuliwa.

Baba yake alimwendea jirani yetu mmoja, mwalimu wa sayansi wa sekondari, akamweleza kila kitu bila kuficha. Mwalimu yule, Mungu ambariki, alikuja kwetu jioni tatu. Tukakaa wote, watoto kwa wakubwa, na kwa kweli tuliofunzwa zaidi ni sisi.

Jioni ya kwanza alituambia kwamba hao wa kitabuni si wageni kwetu. Kusini mwa nchi yetu, Mkoa wa Lindi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906, wakati wa utawala wa Wajerumani, mifupa mikubwa iliyogeuka mawe ilionekana huko. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya watu wa sehemu zile walichimba chini ya msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Nchi ile ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Fikirini, mama wenzetu, akina baba wenye njaa wakibeba mifupa!

Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Kimo chake ni mita 13.27, sawa na nyumba ya ghorofa nne.

"Alikuwa anakula watu?" binti yetu mdogo aliuliza.

"Alikula majani," kijana wetu alimjibu kabla ya mwalimu. "Na watu walikuwa hawajakuwapo." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumsikia akimfundisha mtu kitu. Mwalimu akaongeza kwamba katika mawe yale yale yamekutwa pia meno ya wanyama wakubwa walao nyama, waliokuwa wakiwinda miaka kama milioni 150 iliyopita. Kijana akasogea karibu na taa.

Jioni ya pili ilikuwa habari ya Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1978 na 1980, mahali paitwapo Meswa, magharibi mwa nchi ile, ilichimbwa mifupa ya mnyama mla nyama, pamoja na taya lake. Iliwekwa katika droo ya makumbusho ya Nairobi, ikakaa humo miaka mingi bila watu kujua hasa ni nini. Baadaye watafiti wawili kutoka Marekani, Matthew Borths na Nancy Stevens, waliichunguza, na mwaka 2019 wakampa mnyama huyo jina: Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba kwa ukoo, wala hakuwa dinosaria. Ni wa jamii nyingine ya walanyama iliyokwisha kabisa. Aliishi miaka kama milioni 22 iliyopita, na wanakadiria kwamba huenda alifikia kilo 1,500, yaani magunia 15 ya mahindi.

"Jina la Kiswahili!" kijana alipiga kelele, akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na fisi ana kilo ngapi?"

Mwalimu akamwambia fisi madoa mkubwa ana kama kilo 75. Mtoto akachukua kijiti, akapiga hesabu mavumbini. Tulimwacha, hata chakula kilipoiva. Alipomaliza akainua uso: "Fisi ishirini kwa Simbakubwa mmoja." Nasi ndio tuliosema michoro inampotezea hesabu!

Jioni ya tatu tulisita, kwa maana mwalimu alitaka kusimulia habari ya mamba. Mwaka 2010 wataalamu, akiwamo Mtanzania Jackson Njau, walitangaza aina ya mamba wa kale kutoka Bonde la Olduvai, ng'ambo ya Serengeti yetu. Aliishi miaka milioni 1.8 iliyopita, akafikia urefu wa mita 7 na nusu. Jina lake la kitaalamu maana yake ni mla watu, kwa sababu katika bonde lile imekutwa mifupa ya watu wa kale yenye alama za meno ya mamba. Tulimkonyeza mwalimu aishie hapo. Lakini mtoto alitaka kusikia yote. Akatulia kitambo, kisha akasema:

"Lakini watu hawakuisha. Aliyeisha ni yule mamba."

Usiku ule aliomba kwenda chooni. Tulimsindikiza na tochi. Wiki iliyofuata tulisimama mlangoni tu. Baadaye akawa anakwenda peke yake, akiimba kwa sauti kubwa. Hatusemi kwamba godoro lilikauka kwa siku moja, la hasha. Ilichukua miezi, na godoro lenyewe tulilihamishia nyuma ya nyumba, na atakayecheka aliambiwa atalifua yeye.

Likizo ilipofika tulikwenda naye kwa bibi. Kwanza tulizungushia zizi miiba mipya, tukapatana na bibi kwamba mtoto hachungi peke yake, na mbuzi warudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Maana tuseme kweli: hofu yake ilikuwa na sababu. Fisi ni mnyama wa hatari, na kosa la kumwacha mtoto gizani lilikuwa letu sisi wakubwa. Usiku fisi walilia ng'ambo ya bonde. Kijana alikuja kimya kimya kwenye mkeka wetu, akajilaza. "Kilo sabini na tano," alinong'ona. Muda si mrefu akalala.

Wako mama wenzetu kanisani waliotuonya kwamba habari za mamilioni ya miaka zitamharibia imani. Naye mwenyewe alituuliza: "Mungu ndiye aliyewaumba wale wenye meno? Mbona aliwaacha waishe?" Tulimjibu kwamba wataalamu husoma umri katika mawe, na hiyo ni kazi yao ya halali. Neno la Mungu linatufundisha ni nani aliyeumba vyote, vya kutisha na vya kupendeza. Hata katika kitabu cha Ayubu, Bwana anamwonyesha mtu wake mwenye majonzi wanyama wakubwa, Behemothi na Lewiathani, wala hamfichi ukali wao. Kwa nini wengine waliisha na sisi tukabaki, tulimwambia hilo tutaendelea kuliuliza pamoja. Aliridhika na neno "pamoja."

Basi, akina mama, mtoto akipenda jambo linalowashangaza, msikimbilie fimbo wala moto. Kaeni naye chini, mmwulize linampa nini. Mwingine anapenda tu ukubwa na ajabu ya wanyama wale, na hilo ni jema. Mwingine amebeba mzigo asioweza kuusema. Tena tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto. Ule mnong'ono wa fisi wa mtu ulimwumiza wetu kuliko fisi mwenyewe, na majirani waliotajwa siku ile walikuwa hawana hatia.

Tulimwomba mtoto msamaha. Ni vigumu mzazi kumwomba mtoto msamaha, lakini tulifanya, sisi wawili, mbele ya ndugu zake. Tulimnunulia daftari jingine, nene kuliko lile. Ukurasa wa kwanza hakuchora dinosaria. Alichora zizi la bibi lenye miiba, mbuzi wote wakiwa ndani, na nje ya miiba fisi mdogo sana. Chini yake akaandika uzito wake.